Kutoka Majanji hadi Murchison: siku tuliyomtafuta mbwa mwitu



Mhariri ameniomba niandike habari za safari ya familia ya likizo iliyopita, kwa sababu wengi mmeuliza na wengine mmesikia nusu nusu kwenye foleni ya maji. Kwa kifupi: tulikuwa watu 41 ndani ya basi moja la shule, tulilolikodi kwa pesa za kikundi chetu cha akiba. Tulitoka Bweyale saa kumi alfajiri kwenda mbuga ya taifa ya Murchison Falls, tukarudi saa tatu usiku, na hakuna mtoto aliyepotea. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo.

Kwa mwenye nafasi, nianze na mgeni wetu, maana bila yeye ingekuwa safari ya kutazama tembo na kurudi nyumbani kulala.

Mgeni wetu alitoka Majanji. Kwa wasiopajua, Majanji ni kituo cha wavuvi kwenye Ziwa Victoria, wilaya ya Busia upande wa Uganda, ukipita Lumino unateremka hadi maji yanakusimamisha. Ukikaa pale mchangani, Kenya unaiona kwa macho. Sio Port iko karibu kabisa, na usiku ng'ambo ya ghuba kuna taa za upande wa Port Victoria. Wasamia wako huku na huko. Waingereza walichora mpaka wao wakafuata mto Sio, lakini ndoa, matanga na biashara ya samaki hazikuwahi kuuliza mto uko wapi. Hata neno boda boda, ambalo sasa dunia nzima inalitumia, lilizaliwa upande ule wa Busia, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakibeba watu kutoka mpaka hadi mpaka.

Huyo mgeni ni dada ya nyanya yangu. Sisi tunamwita Kukhu, na katika basi kila mtu akamwita Kukhu, hata wasiojua neno moja la Kiluhya. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kule Kenya, wakati watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakaacha makwao, wengi wenu mlivuka Malaba au Busia mkapelekwa moja kwa moja Mulanda, Tororo. Mimi nilivuka na mtoto mgongoni nikakimbilia kwa Kukhu Majanji. Tulikaa wiki sita kwenye nyumba yake ya vyumba viwili, watu 14, tukila ugali wa muhogo na omena (pale wengine wanaziita mukene), kabla hatujakwenda Mulanda kuandikishwa. Baadaye mwaka huohuo tukaletwa huku Kiryandongo pamoja nanyi. Kukhu hajawahi kunidai chochote kwa wiki zile sita. Likizo hii ndiyo mara yake ya kwanza kuja kuona tunaishije. Alisafiri siku mbili: Majanji hadi Busia, Busia hadi Kampala, akalala, Kampala hadi Bweyale, na mfuko wa omena mapajani njia nzima. Abiria wa basi la Gulu wanaikumbuka harufu ile mpaka leo, nina hakika.

Sasa nieleze jambo lililotokea njiani, kwa sababu hilo ndilo mlilolisikia nusu nusu.

Tulikuwa tumefika Karuma. Kumeanza kupambazuka, nyani wamekaa kando ya lami kama watu wanaongoja matatu, Mto Nile unanguruma chini ya daraja, na watoto wote wamerukia upande mmoja wa basi. Katika kusukumana, mtoto mmoja wa darasa la nne akamwambia mwenzake wa kiti cha nyuma: "Usinishike. Nyinyi ni mbwa mwitu. Mlichoma nyumba yetu."

Mtoto huyo amezaliwa hapa Kiryandongo. Nyumba ile hakuwahi kuiona.

Basi likanyamaza. Baba wa yule mwenzake alikuwa kiti cha tatu, akageuka akatazama nje kama mtu anayehesabu nyani. Mwenyekiti wa kikundi akaanzisha wimbo na sisi tukaitikia kwa nguvu kuliko kawaida. Mnajua wenyewe kwamba katika basi lile mlikuwa na watu wa kila upande wa mambo ya 2008. Tangu Mulanda neno hilo limekuwapo. Linatoka kwenye Biblia, mbwa mwitu wanaokuja kwa kondoo, na watu walilitumia katika maombi kwa sababu hakuna aliyetaka kutaja kabila kwa sauti. Kila upande ulikuwa na mbwa mwitu wake. Baada ya miaka mingi limebaki vinywani tu, kama jiwe ndani ya maharage.

Kukhu aliyekuwa karibu nami akauliza, "Amesema nani?" Nikamwambia kwa sauti ya chini. Akakaa kidogo. Halafu akasema, si kwa sauti ya chini: "Vizuri. Mimi nina zaidi ya miaka 70 na sijawahi kumwona mbwa mwitu. Leo mnipeleke nimwone."

Pale langoni upande wa Pakwach tulipewa askari mmoja wa Mamlaka ya Wanyamapori, yaani UWA, apande basi letu atuongoze. Kijana wa makamo, Mwacholi, na Kiswahili chake kile cha jeshini ambacho Waganda wa Kampala wanakiogopa lakini sisi kilitufurahisha. Kabla hajamaliza kutusomea masharti (usitoke kwenye gari, usitupe takataka, usipige kelele), Kukhu akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwanangu, mbwa mwitu wenu wako wapi?"

Askari akacheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Akasema, "Jaja, hilo swali lina majibu matatu. Tuanze kutembea."

Ukitoka langoni ardhi inafunguka. Nyasi zilikuwa zimeanza kukauka, rangi ya simba, na katikati yake mivumo mirefu imesimama mmoja mmoja. Askari alisema tembo hula matunda ya mivumo hiyo na kubeba mbegu tumboni mpaka mbali. Twiga walikuwa wengi hata watoto wakaacha kuwahesabu. Wale swala wekundu wanaoitwa kob, yule aliye kwenye nembo ya Uganda pamoja na korongo taji, walikuwa kama mbuzi wa kijiji. Nyati mmoja mzee hakutupisha njia kwa dakika kumi. Kuna pia mitambo ya mafuta siku hizi. Tangu 2023 wanachimba visima ndani ya mbuga, na barabara nyingine humo zina lami nzuri kuliko ya kwetu. Sijui wanyama wanaionaje lami hiyo.

Kitu kimoja nitakisema kwa urefu, kwa sababu kilimgusa Kukhu kabla hata hatujamwona mnyama aliyemtaka. Mbung'o waliingia basini. Wanauma kama sindano ya kushonea magunia, na watoto wakaanza kulia. Pembeni mwa njia kulikuwa na vitambaa vimetundikwa, vya buluu na vyeusi, vina dawa ya kuwaua. Kukhu akavitambua mara moja. Miaka ya 1980, ugonjwa wa malale uliporudi Busoga na kufika hadi Tororo, mitego ya rangi hizo ilitundikwa kwenye vichaka vya kwao. Tena mjini Tororo ndipo palipokuwa kituo cha utafiti wa malale cha Afrika Mashariki nzima enzi za Jumuiya ya kwanza. Anamkumbuka shemeji yake akilala mchana kwenye mkeka, amka hataki, kula hataki, mpaka wakamfunga kwenye baiskeli kumpeleka hospitali.

Askari akamwambia kwamba hata mbuga hii imetokana na malale. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ugonjwa ule uliua watu wasiopungua laki mbili kandokando ya Ziwa Victoria, na serikali ya kikoloni ikaamua kuwahamisha watu kwenye ufuo wa kaskazini wa ziwa na baadaye sehemu za huku kwenye Nile. Watu waliondolewa, nyumba zikabaki tupu, wanyama wakaingia. Baadaye ikawa hifadhi, na mwaka 1952 ikatangazwa mbuga ya taifa. Kukhu akatazama nyasi zile kwa muda. "Kwa hiyo hapa ni matongo," akasema. Matongo, wasomaji wa pwani, ni mahali palipokuwa na boma likahamwa. Tangu hapo aliacha kupaita mbuga. Alipaita matongo mpaka jioni.

Na wanyama nao walikuwa na vita vyao. Askari alisema tembo waliokuwa maelfu walibaki mamia tu baada ya miaka ya Amin na vita vya 1979, kwa sababu kila mwenye bunduki alikuwa na njaa au alikuwa na soko la pembe. Faru wakaisha kabisa Uganda kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilibidi waletwe upya kule Ziwa, Nakasongola, kwenye barabara ya kwenda Kampala, kuanzia 2005, wengine kutoka Kenya na wengine Marekani. Ndama wa kwanza alizaliwa 2009, baba Mkenya, mama Mmarekani, na jina wakampa Obama. Hapo hata wazazi walicheka. Halafu waasi wa LRA wakawa wanajificha upande huu wa kaskazini wa mbuga, na yeye mwenyewe askari, akiwa mtoto, alikaa kambi ya waliohamishwa Acholi. Alisema hivyo kwa sentensi moja akaendelea na habari za nyati. Lakini niliona baadhi ya kina mama wakaanza kumpa chapati.

Ilikuwa karibu saa tatu asubuhi, kwenye njia za Buligi tunakoelekea mahali Nile inapoingia Ziwa Albert, dereva alipozima injini bila kuambiwa. Askari akaonyesha kwa kidevu. Kichuguu kikubwa kilichobomoka upande mmoja, na mbele yake mnyama mdogo wa kijivu amekaa kama mbwa anayengoja mlango ufunguliwe. Masikio yamesimama. Ubavuni mstari mweupe hafifu, kama mtu amepitisha kidole chenye unga. Ncha ya mkia nyeupe.

"Huyo ni bweha," askari akasema. "Bweha miraba. Hapa kwetu huyo ndiye wa karibu zaidi na mbwa mwitu wako, Jaja."

Watoto walisikitika, nisiwafiche. Walitaka kitu kikubwa chenye meno. Huyu ana kilo kumi hivi, mdogo kuliko mbwa wengi wa Bweyale. Lakini basi lilikaa kimya na sisi tukakaa, na ndipo mambo yalipoanza kuonekana. Wa pili akatokea nyasini, mdomoni ana panya. Askari akasema hao ni mume na mke. Bweha wa aina hii hukaa wawili wawili na kulinda eneo lao pamoja. Kisha ndani ya tundu la kichuguu wakatoka watoto wawili waliokwisha kuwa wakubwa, miguu mirefu, vichwa vidogo. Wakamvamia yule mwenye panya, wakamlambalamba mdomo, akawaachia. Mmoja akakimbia na panya, mwingine akamfukuza akamshika mkia. Mama (au baba, hatukujua) akaenda pembeni, akasimama ameinamisha kichwa upande, anasikiliza chini ya majani. Akaruka juu, miguu ya mbele pamoja, akashuka. Panzi. Akamtafuna kama njugu.

Tulikaa pale dakika 40. Askari akaeleza wanakula nini: panya, wadudu, matunda yaliyoanguka, mabaki ya simba, ndama wa swala wakipata nafasi. Usiku wanaita, na sauti yao si ule mlio mrefu tuliousikia kwenye sinema. Ni kama bundi. Mama mmoja wa klasta ya juu akasema, "Kumbe! Ndiyo sauti ile?" Maana wengine wetu tumeisikia miaka yote hiyo tukidhani ni bundi wa kichawi.

Ndipo Kukhu akadai yale majibu matatu. Nitayaandika kama nilivyoyasikia, na mengine nimeyahakikisha baadaye na mwalimu wetu wa sayansi.

La kwanza, mbwa mwitu wa Biblia hayuko hapa wala hakuwahi kuwapo. Huyo ni mnyama wa Ulaya, Asia na Amerika, mkubwa, anaweza kuzidi kilo 40. Waliotafsiri Biblia walihitaji jina, wakachukua mbwa mwitu. Waganda wao waliweka omusege.

La pili, kwa wawindaji wa Kenya na Tanzania, mbwa mwitu ni mnyama mwingine kabisa: yule mwenye mabaka meusi, meupe na ya manjano, masikio ya duara kama majani, vidole vinne kila mguu. Anawinda kwa kundi na anakimbia mpaka swala achoke. Huyo ni wa Afrika kweli. Lakini enzi za ukoloni idara za wanyama katika nchi nyingi ziliwapiga risasi kama waharibifu, na maradhi ya mbwa wa nyumbani yakaongeza. Duniani wamebaki kama 6,600 tu. Askari yule amefanya kazi Murchison miaka 11 na hajamwona hata mmoja. Alisema katika kundi lao, wakubwa wakirudi kutoka mawindoni, wanawatapikia nyama wale waliobaki: watoto, anayewalinda, na mgonjwa asiyeweza kukimbia.

"Mgonjwa pia?" Kukhu akauliza.

"Mgonjwa pia, Jaja."

La tatu ndilo lililonishangaza mimi. Kule Serengeti, Ngorongoro, sehemu za Kenya, Ethiopia na kuendelea mpaka Senegal, kuna bweha wa rangi ya dhahabu. Kwa miaka mingi vitabu vilimwandika kuwa ni sawa na bweha wa Asia. Mwaka 2015 wataalamu wakalinganisha vinasaba vyao, wakakuta si ndugu wa karibu hata kidogo. Wameachana zaidi ya miaka milioni moja, na huyu wa Afrika yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wale wakubwa wa Ulaya kuliko na bweha. Sasa anaitwa mbwa mwitu wa Afrika. Ana kilo 7 hadi 15 tu. Watu waliishi naye karne zote hizo chini ya jina la mwingine.

Mzee mmoja nyuma akasema, "Kama kadi yangu ya kwanza ya mgao. Waliandika jina la shemeji." Basi zima likacheka, na askari ilibidi atukumbushe ule mkataba wa kelele. Bweha wetu hawakukimbia. Walituangalia tu, kisha wakaingia kivulini.

Kuna habari nyingine ambayo sitaki ipotee humu. Kule milima ya Bale, Ethiopia, kuna mbwa mwitu mwingine mwekundu, anakula panya-fuko, na wamebaki kama 500 tu ulimwenguni. Adui yake mkubwa ni kichaa cha mbwa anachoambukizwa na mbwa wa vijijini. Sisi hapa tuna mbwa wengi wasio na chanjo, na watoto wanacheza nao. Watu wa mifugo wakija kuchanja, tafadhali msiwafiche mbwa mkidhani wanakuja kuwaua.

Tulipoondoka pale nilitazama nyuma. Yule mtoto wa darasa la nne na yule wa kiti cha nyuma walikuwa wamebanana kwenye dirisha moja. Wanabishana: ncha ya mkia ilikuwa nyeupe au ya kijivu? Mmoja anasema nyeupe, mwingine anasema vumbi. Wakaja kumuuliza Kukhu aamue. Kukhu akamwambia yule wa darasa la nne, "Wewe ulisema unawajua mbwa mwitu. Ncha ya mkia ni rangi gani?" Mtoto akajikuna. "Sijui." "Haya. Na nyumba iliyochomwa, mlango wake ulikuwa wa rangi gani?" Kimya. "Mlango wa kijani," akajibu baba wa yule mwingine kutoka kiti cha tatu, bila kugeuka. "Ulikuwa na kufuli la shaba. Tulikuwa majirani. Nilizima moto mpaka mikono ikababuka, haukuzimika."

Hakuna aliyesema kitu. Niliona mikono yake kwa mara ya kwanza, na sisi tunachota maji bomba moja tangu 2008. Mama wa mtoto hakuwa basini, alibaki nyumbani na mdogo. Nilipomweleza jioni ile alinisikiliza, akasema mumewe marehemu alikuwa akisema mlango ulikuwa wa buluu. Hayo ni yao, nimeomba ruhusa kwa wote wawili kuyaandika, na wamenikubalia mradi nisitaje majina. Sijui kama wameongea wenyewe kwa wenyewe. Jumapili walikaa benchi moja, lakini benchi zetu si nyingi.

Mchana tulikula Paraa chini ya miti karibu na mto. Siku hizi kuna daraja, si kivuko tena kama tulivyoambiwa zamani. Nguruwe-mwitu walikuja kupiga magoti mbele yetu kutafuta maganda. Kukhu alikula omena zake, akaosha mikono, akaitazama Nile, akataka kujua kama maji haya ni yale ya Majanji. Ndiyo, ni yale yale. Yanatoka Ziwa Victoria pale Jinja, yanapita Ziwa Kyoga, yanakuja Karuma, ambako tangu 2024 bwawa la umeme limeanza kazi rasmi, kisha yanajibana kwenye ule mwamba wenye upana wa mita 7 hivi na kuanguka mita zaidi ya 40. Tulienda kuyaona maporomoko. Ardhi inatetemeka miguuni na unalowa bila mvua. Watoto waliyapenda kuliko kitu chochote, lakini mimi sina mengi ya kusema juu ya maporomoko. Picha zake mmeziona kwenye kalenda.

Njiani kurudi, jua likishuka, tulimwona fisi. Mmoja, anatembea kando ya barabara na ule mgongo wake wa kuteremka, tumbo limejaa. Hapo basi zima lilimtambua kwa lugha zote: fisi, empisi, impyisi, na Waluo wakaita ondiek. Tunatoka nchi nyingi lakini fisi hatugombanii. Askari akasema katika ukoo wa fisi wanaotawala ni wanawake, na dume mkubwa kuliko wote bado huwapisha majike mbele ya mzoga. Kina mama walipiga vigelegele, jambo ambalo nadhani lilivunja mkataba wa kelele kabisa.

Wanaouliza gharama: kila familia iliweka kidogo kidogo kwa miezi sita, na hesabu yote iko kwa mweka hazina, njooni mwone. Bebeni kadi zenu za ukimbizi, zinaangaliwa langoni. Bebeni maji, kofia, na nguo za mikono mirefu, lakini si za buluu wala nyeusi, kwa sababu mbung'o wanazipenda rangi hizo. Safari nyingine itapangwa likizo ya Agosti kama watu 40 watajiandikisha.

Mtoto wangu niliyemvukisha mgongoni 2008 hatakuwamo katika safari hiyo. Kukhu alikuja na neno lingine ambalo hakulisema mpaka usiku wa mwisho, tukichambua maharage. Ana kipande cha shamba pale Majanji, kati ya mwembe na njia ya kuteremkia ziwani, amekiweka tangu wiki zile sita. Hajampa mtu. Anasema yeye hawezi kulima tena, na mtu akimuuliza anajibu kuna mwenyewe. Kijana amekubali kwenda kupanda muhogo na kukaa naye msimu mmoja, kisha ataniambia mwenyewe kama panafaa. Kukhu aliondoka Jumatano na basi la asubuhi. Alhamisi jioni alinipigia kutoka Busia. Alikuwa amefika salama, simu ina chaji kidogo, na alitaka tu nimuulize yule askari, nikimpata, kama bweha akifiwa na mwenzake huchukua mwingine.

Namba ya askari sina. Mwenye kujua jibu amwachie mhariri.